Sauti za Pikipiki Iliyochoka: Namna ya Kuzisikiliza na Kuzitambua



Zamani mazao ya mashamba yetu yalitoka kijijini juu ya kichwa cha mama na juu ya baiskeli. Siku hizi yanatoka kwa pikipiki. Mahindi yanayokwenda Kolwezi, muhogo na makala yanayokwenda Likasi na Lubumbashi, mbegu na mbolea zinazorudi, hata mgonjwa anayepelekwa hospitali usiku, wote wanategemea magurudumu mawili. Pikipiki ikifa njiani, kazi ya shamba nayo inasimama. Kwa sababu hiyo si vibaya kitabu cha kilimo kiseme habari za pikipiki, kama kisemavyo habari za jembe na za mbuzi.

Mfugaji mwenye akili husikiliza mbuzi wake. Mmoja akikohoa, hangoji mpaka afe. Pikipiki nayo husema mbele ya kuvunjika. Mara nyingi sehemu inayosema kwanza ni ile inayotwaa nguvu ya mota na kuipeleka kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo sehemu tutakayojifunza leo.

Neno moja nataka ulishike katika maneno haya yote. Ukisikia sauti ngeni, usiulize kwanza, "Ni sauti gani?" Uliza kwanza, "Sauti hii inafuata nini?" Ile inayofuata gurudumu, mara nyingi iko nje, nawe waweza kuitafuta mwenyewe kijijini. Ile inayofuata mota iko ndani. Anayejua tofauti hii hatafungua mota bure, wala hataiacha shene mbovu imwangushe.

1. NJIA YA NGUVU

Mbele ya kutafuta ugonjwa, ujue mwili. Pikipiki nyingi za vijiji vyetu ni nyepesi, zenye mota ya sentimita za ujazo 125 mpaka 150. Nguvu ya mota hupita milango minne mpaka ifike chini.

Mlango wa kwanza ni ambriaji, yaani zile sahani zinazobanana, na kuachana unapovuta mkono wa kushoto.

Mlango wa pili ni sanduku la vitesi. Limo ndani ya chuma kimoja na mota. Mna humo vyuma viwili virefu vyenye magurudumu ya meno, nayo meno hayo yanashikana siku zote. Unapokanyaga vitesi, vijino vya pembeni huingia katika matundu ya jirani yao na kulifunga gurudumu moja lifanye kazi.

Mlango wa tatu ni shene pamoja na pinyo mbili: pinyo ndogo ya mbele na pinyo kubwa ya nyuma.

Mlango wa nne ni gurudumu la nyuma: kitovu chake, vipande vya mpira vilivyo ndani ya kitovu, na gololi za chuma zinazolifanya lizunguke vizuri.

Milango miwili ya kwanza iko ndani, inaoga mafuta yaleyale ya mota. Milango miwili ya mwisho iko nje, inakula vumbi, matope na mvua. Ndiyo sababu ya nje huchakaa mbele ya ile ya ndani, nasi tutaitazama kwanza.

Shene ya namna hii si kitu cha jana. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester katika Uingereza, aliitengeneza mwaka 1880. Kila kiungo kina kipini, na kipini kinazunguka ndani ya tundu lake. Watu husema, "Shene imevutika kama mpira." Sivyo. Chuma hakikuvutika, vipini na matundu ndivyo vilivyolika. Kila kiungo kikilika robo ya milimita tu, shene yenye viungo 118 inarefuka karibu sentimita 3. Ona jinsi kidogo kidogo kinavyokuwa kingi.

2. PIKIPIKI YAKO IMEKWENDA KIASI GANI?

Katika pikipiki nyingi za kwetu nambari za kilometri zimesimama siku nyingi. Basi usizitegemee, hesabu safari.

Mfano: Toka kijijini mpaka soko ni kilometri 35. Kwenda na kurudi ni 70. Ukienda mara 3 kwa juma, ni 210. Mwaka una majuma 52, basi ni kilometri 10,920. Kwa miaka 5 ni 54,600. Kumbe! Pikipiki uliyoiita mpya imekwisha kuwa mzee.

Mzee hakosi kukohoa kidogo. Pikipiki iliyofanya kazi nyingi ina sauti yake ya kila siku, nayo si ugonjwa. Ijue sauti hiyo. Jambo la kuogopa ni sauti iliyoanza jana, na ile inayokua kila juma.

3. MAULIZO MATATU

Chagua njia tambarare isiyo na watu. Teremsha mzigo, asipande mtu nyuma. Ondoa ndoo, kamba na chupa zilizofungwa, kwa kuwa mara nyingi sauti ya ajabu ni bidoni tupu inayogonga chuma. Kaza nati za mahali pa mzigo na za kifuniko cha shene. Kisha uulize.

Ulizo la kwanza: Je, inalia hata ikisimama? Washa mota, usitie vitesi. Ikilia hapohapo, sauti iko ndani. Ikinyamaza, na kuanza tu unapokwenda, ianze kutafutwa nje.

Ulizo la pili: Je, mkono wa ambriaji unaibadili? Pikipiki ingali imesimama bila vitesi, vuta mkono wa kushoto polepole, kisha uachilie polepole. Sauti ikipotea unapovuta na kurudi unapoachilia, ugonjwa uko kwenye kikombe cha ambriaji, au kwenye gololi za sanduku la vitesi. Ikianza unapovuta, tazama gololi ndogo inayosukuma sahani za ambriaji. Isipobadilika hata kidogo, ni mota yenyewe. Hiyo ni habari nyingine, umpelekee fundi.

Ulizo la tatu: Je, inafuata mwendo wa gurudumu? Nenda kilometri 30 hivi kwa saa. Vuta ambriaji, uiache mota ishuke, na pikipiki iteleze yenyewe. Sauti ikiendelea, na kupungua pole pole pamoja na gurudumu, mtafute mwizi kwenye shene na gurudumu. Ikikatika mara moja, ama ni ya mota, ama ni ya kitu kinacholia kinapovuta mzigo tu. Jaribio hili ulifanye penye tambarare. Usilifanye katika mtelemko, maana huko mota inakusaidia kuzuia mwendo.

Kuna na jaribio lingine dogo. Nenda kwa mwendo uleule, mara kwa vitesi ya tatu, mara kwa ya nne. Gurudumu halikubadili mwendo, lakini mota imepunguza. Mapigo ya sauti yakibaki yaleyale, yanafuata gurudumu. Yakipungua, yanafuata mota. Na sauti ikisikika katika vitesi moja tu, si katika zingine, basi meno ya vitesi hiyo yameumia.

4. KUHESABU MAPIGO KWA MKONO

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kupita zote, kwa sababu haihitaji falanga. Inahitaji chaki, au jivu lililolowa maji, na masikio.

Zima mota, uondoe ufunguo, utie mfukoni. Angalia sana neno hili! Usitie mkono karibu na shene mota ikiwa inazunguka, hata kama ni polepole. Shene ikishika kidole na kukipeleka kwenye pinyo, kidole kimekatika. Tena wafukuze watoto.

Simamisha pikipiki juu ya mguu wake wa kati, gurudumu la nyuma likae juu, bila vitesi. Tia alama moja ya chaki kwenye mpira wa gurudumu, na nyingine kwenye kiungo kimoja cha shene. Sasa zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, kwa upande liendako njiani. Sikiliza, hesabu.

Tuseme pinyo ndogo ina meno 14, pinyo kubwa ina meno 42, na shene ina viungo 118. Gurudumu likizunguka mara moja, pinyo kubwa imezunguka mara moja, na pinyo ndogo imezunguka mara 3. Lakini shene haikumaliza mzunguko wake, ili iumalize, gurudumu lazunguka karibu mara 3 (118 kwa 42 ni 2.8). Basi:

Pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu: kosa liko kwenye gurudumu, au breki, au pinyo kubwa iliyopinda au yenye jino lililovunjika.

Mapigo matatu kwa kila mzunguko: kosa liko kwenye pinyo ndogo.

Pigo moja tu kwa karibu mizunguko mitatu: kosa ni kiungo kimoja cha shene. Utaona alama ya chaki ya shene ikirudi mahali palepale kila pigo linaposikika. Tazama viungo vinavyopita kwenye pinyo wakati huo: kimoja hakikunji vizuri, kimekaza kwa kutu, au bamba lake limepasuka.

Pikipiki yako ikiwa na meno mengine, yahesabu mwenyewe na ugawanye. Njia ni ileile.

5. JAMBO LILILONIPATA MIMI

Nisikufundishe kama mtu ambaye hajaanguka. Wakati mmoja wa mvua nilikuwa nikipeleka mbegu za mahindi, na nyuma amekaa baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Kwa siku nne nilikuwa nimesikia "tak" moja, kisha kimya, kisha "tak". Baba mdogo aliniuliza, "Mwanangu, kitu gani kinapiga hapo chini?" Nikajibu, "Ni uzee tu, baba. Nitakitazama Jumapili."

Jumapili haikufika. Tulipotelemka kuelekea daraja, shene ilikatika. Kipande chake kilijikunja mbele, kikaikaba pinyo ndogo, kikapasua chuma cha mota, mafuta yakamwagika. Gurudumu la nyuma likakwama papo hapo, nasi tukaanguka. Baba mdogo alivunjika mkono. Msimu ule hakushika jembe. Shamba lake lililimwa nusu. Mimi nililipa chuma kipya cha mota kwa falanga ambazo zingenunua shene nyingi.

Niliokota vile viungo matopeni. Bamba la kimoja lilikuwa na ufa wa zamani, wenye kutu. Ningaliuona kwa dakika kumi na kipande cha chaki. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, na mkono wa baba mdogo ulikuwa sehemu ya bei yake.

6. SAUTI ZA NJE, NA DAWA ZAKE

Mlio mwembamba kama wa ndege au wa panya, unaofuata gurudumu. Shene imekauka. Husikika sana asubuhi baada ya mvua. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, usitumie esansi kwa kuwa inawaka upesi. Ipanguse, kisha utie mafuta mazito mapya, upande wa ndani wa mstari wa chini, ukizungusha gurudumu. Shene ikizunguka njiani, mafuta yataingia yenyewe toka ndani kwenda nje. Panguse yanayozidi. Usitie mafuta machafu yaliyotolewa katika mota: yamejaa unga wa chuma. Tena katika njia za malori ya migodi vumbi jekundu likichanganyika na mafuta mengi, linakuwa jiwe la kunolea, nalo litainoa shene yako mpaka iishe.

Kupiga "pata-pata" juu ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu, au juu ya kifuniko. Shene imelegea. Katika pikipiki nyingi za namna hii mchezo wa shene, juu na chini katikati ya mstari wa chini, ni milimita 20 mpaka 30 hivi. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Pima mahali shene ilipokaza zaidi, kwa maana shene iliyozeeka haikazi sawasawa. Unapovuta gurudumu nyuma, alama za kushoto na za kulia ziwe sawa. Zikipishana, gurudumu linakaa upande, na pinyo zinalika ubavuni.

Kunguruma na kulia "uuuu" mara tu baada ya kukaza. Umekaza kupita kiasi. Wengi hudhani shene iliyokaza sana ni nzuri. Sivyo! Mzigo ukipanda, gurudumu linapanda na shene inavutwa zaidi, kama ngozi ya ngoma. Nguvu hiyo inaua gololi za pinyo ndogo, ambazo zimo ndani ya mota. Basi ukiisha kukaza, weka mzigo wako wa kawaida, upime tena: lazima mchezo ubaki.

"Krak!" unapotia gazi kwa nguvu au unapopanda kilima. Shene inaruka juu ya meno. Tazama meno ya pinyo. Jino zima lina mabega mawili sawa. Jino lililokwisha limepinda kama ukucha wa mwewe. Pikipiki hiyo isipande kilima tena, wala isichukue mtu, mpaka itengenezwe.

"Kop" moja unapotia gazi, na "kop" nyingine unapoachilia. Ama shene imelegea, ama vipande vya mpira ndani ya kitovu vimekwisha. Zuia gurudumu kwa mkono mmoja, na ujaribu kuizungusha pinyo kubwa mbele na nyuma. Ikicheza sana peke yake, vipande vya mpira vimekufa. Ni vitu vya bei ndogo.

Kukoroma kama jiwe la kusagia, kunakoongezeka na mwendo, hata ambriaji ikivutwa. Ni gololi za gurudumu. Shika mpira wa gurudumu juu na chini, usukume na kuvuta kwa ubavu. Likicheza, gololi zimelika. Zikivunjika safarini, gurudumu laweza kukwama.

"Kacha-kacha" mbele, karibu na mguu wa kushoto, na shene inayoyumba. Fungua kifuniko kidogo cha pinyo ndogo. Ishike, uitikise. Ikiwa inayumba juu ya chuma chake, tazama vibuloni na bamba linaloizuia. Mara nyingi vimelegea, au kimoja kimeanguka.

7. KUPIMA SHENE ILIYOKWISHA

Ubavuni mwa shene nyingi za pikipiki hizi imeandikwa 428. Toka kipini mpaka kipini ni milimita 12.7. Basi viungo 20, yaani toka kipini cha kwanza mpaka cha ishirini na moja, vikiwa vipya ni milimita 254. Ivute shene inyoke, upime kwa mita ya fundi cherehani au ya seremala. Ikifika 259, maisha yake yamekwisha.

Kama huna mita, shika shene kule nyuma kabisa ya pinyo kubwa, uivute kwa nyuma. Ikitoka mpaka uone nusu ya jino, imekwisha.

Shene na pinyo mbili huzeeka pamoja, basi zibadilishwe pamoja. Shene mpya juu ya pinyo kuukuu ni kama kutia unga mpya katika gunia lenye wadudu. Wala usikate viungo viwili ili kuifupisha shene iliyokwisha. Urefu umepungua, lakini kila tundu limelika vilevile.

Na kile kibanio cha kiungo cha kufungia shene, kichwa chake kisicho na mwanya kitangulie kule shene inakokwenda. Katika mstari wa juu wa shene, kichwa hicho kielekee mbele, kwenye mota. Kikigeuzwa, jiwe au jani gumu laweza kukichomoa.

8. SAUTI ZA NDANI

Hapa mkono wa mkulima usiingie mbali. Lakini masikio na macho yako yatamsaidia fundi, na kukulinda usidanganywe.

"Gara-gara" mota ikienda polepole bila vitesi, ikipotea unapovuta ambriaji: mara nyingi ni springi za kikombe cha ambriaji zilizolegea kwa uzee. Ikiwa ndogo na haikui, yaweza kungoja. Ikikua, isingoje.

"Klak" na vitesi kuruka yenyewe, hasa unapovuta mzigo: vile vijino vya pembeni vimeviringika. Ukiendelea kulazimisha, vitavunjika, na vipande vitasagwa katika meno mengine.

Mlio wa "uuuu" au kunguruma katika vitesi zote, unaobadilika unapotia gazi na unapoachilia: gololi za sanduku la vitesi. Kabla ya kukubali mota ifunguliwe, hakikisha shene haikukazwa kupita kiasi.

Kusaga, "krrr", kila unapotia vitesi ya kwanza: mara nyingi ambriaji haiachani vizuri. Tazama kwanza kamba yake. Pengine imerefuka, nawe utaponya ugonjwa kwa kuzungusha nati moja tu.

Shahidi mkuu wa mambo ya ndani ni mafuta. Mota ikiwa na joto, yamwage katika sahani nyeupe. Uyapitishe penye jua. Unga mwembamba wa kijivu, unaong'aa kidogo, ni uzee wa kawaida. Lakini ukipata vipande unavyoweza kuvisikia kwa ukucha, usiwashe tena mota. Twaa sumaku ya spika ya radio iliyokufa, uifunge katika karatasi, uipitishe katika mafuta. Vitakavyoshikwa ni chuma: meno au gololi. Vinavyong'aa lakini havishikwi, vimetoka mahali pengine, kama kikombe cha ambriaji. Viweke vipande katika karatasi, umpelekee fundi. Kisha uyatie mafuta machafu katika bidoni lenye kifuniko. Usiyamwage shambani wala mtoni, kwa maana tunakunywa humo na kumwagilia mboga.

Mafuta mapya yawe ya pikipiki. Tafuta alama JASO MA kwenye bidoni. Ni alama ya Wajapani kwa mafuta yanayofaa ambriaji inayokaa ndani ya mafuta. Mafuta mengine ya motokari hufanya sahani ziteleze: mota inapiga kelele, pikipiki haiendi.

9. MZIGO

Gunia la mahindi la kilo 100 mara mbili, pamoja na mwendeshaji wa kilo 65, ni kilo 265. Uzito huo wapita mara mbili uzito wa pikipiki nyingi nyepesi zenyewe. Kila kilima katika njia yako unazipa shene, ambriaji na gololi kazi ambayo hazikuumbiwa. Safari mbili za gunia moja moja ni ndefu kuliko safari moja, najua. Lakini pikipiki inayofika mara mbili imepeleka zaidi kuliko ile iliyolala porini.

10. KAZI YA KILA JUMA

Kila juma, na kila mara baada ya mvua kubwa au kuvuka mto: osha shene, ikauke, tia mafuta, zungusha gurudumu na uhesabu mapigo, pima mchezo wa shene, tazama kibanio na bamba za viungo, tikisa gurudumu kwa ubavu, tazama kiasi cha mafuta ya mota, pikipiki ikisimama wima. Kazi hii yote haipiti nusu saa.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Ukisikia sauti ngeni, wauliza nini kwanza?
Jibu: Nauliza inafuata gurudumu au inafuata mota.

Ulizo: Pigo moja kwa karibu mizunguko mitatu ya gurudumu linasema nini?
Jibu: Kiungo kimoja cha shene kimeharibika.

Ulizo: Je, shene iliyokaza sana ni nzuri?
Jibu: Hapana. Inaua gololi za ndani. Lazima mchezo ubaki hata mzigo ukiwa juu.

Ulizo: Sauti zipi hazingoji hata siku moja?
Jibu: Shene inayoruka au yenye kiungo kilichopasuka, gurudumu linalocheza kwa ubavu, na vipande vya chuma katika mafuta.

Ulizo: Na ikiwa mzigo unangojwa sokoni?
Jibu: Uungoje. Mahindi yangali mahindi kesho. Mkono uliovunjika haulimi msimu huu.